Kwa Nini Mtoto wa Kokwet Alinyamaza

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mtoto wa miaka saba, mtu mzima aliyeketi mbele yake na karatasi, na kimya kirefu kati yao. Kimya hicho kilitokea Kericho, kikaandikwa katika majarida ya sayansi, na hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanakisoma darasani. Nyinyi mnaoishi huko huko, Litein, Kapkatet, Sotik au Mogogosiek, mna haki ya kuisikia habari hii pia, maana huenda mtoto yule leo ni babu yenu au kogo wenu, yaani nyanya yenu.

Mwaka ulikuwa 1972. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka kumi ya uhuru, na Bomet ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kericho. Ilikuja kukatwa baadaye, mwaka 1992. Wakafika mume na mke kutoka Marekani. Mume, Charles Super, alikuwa mwanasaikolojia, yaani mtu anayechunguza jinsi akili inavyofanya kazi. Mke, Sara Harkness, alikuwa mwanaanthropolojia, yaani mtu anayechunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja. Walihusiana na kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa na wazee wengine wawili wa fani hiyo, John na Beatrice Whiting wa Harvard. Wakahamia kwenye makazi ya Wakipsigis, wakulima na wafugaji waliopewa ardhi iliyokuwa ya walowezi wa Kizungu. Katika maandishi yao waliyaita makazi hayo Kokwet, na Mkipsigis yeyote anayesoma anatabasamu, kwa kuwa kokwet ni ujirani, na ni baraza la majirani pia. Ni kama kuandika kwamba uliishi katika mtaa uitwao Mtaa. Walifanya hivyo makusudi. Mtafiti akikaribishwa nyumbani kwa watu, akaona wanavyokula na wanavyogombana, huficha jina la mahali ili wenyeji wake wasije wakasumbuliwa.

Walikaa karibu miaka mitatu. Hilo ni jambo la kukumbuka, kwa sababu bila miaka hiyo hadithi yetu ingekuwa na mwisho mwingine, mwisho mbaya. Walipita nyumba kwa nyumba wakiandika mtoto yuko na nani saa hii, anafanya nini, nani anamsemesha na kwa maneno gani.

Kisha wakafanya jaribio ambalo kwao Marekani lilikuwa jepesi kabisa. Mtu mzima anamsimulia mtoto hadithi fupi. Akimaliza, anamwambia mtoto airudie. Basi. Hakuna hesabu, hakuna kuandika. Anayepima anatazama ni mambo mangapi ya hadithi mtoto ameyakumbuka na ameyapanga vipi.

Watoto wa Kokwet wakanyamaza. Wengine walitoa neno moja au mawili, wakatazama chini. Hata miongoni mwa waliofika miaka kumi, walikuwepo ambao hawakutoa jibu ambalo mpimaji angeweza kulipa alama kamili. Na watoto wadogo zaidi huko Marekani walikuwa wakiirudia hadithi kama hiyo bila taabu.

Hapa ndipo mtafiti mvivu angefunga daftari. Angeandika kwamba watoto hawa wana kumbukumbu dhaifu, au lugha yao ni changa, au akili zao ni nzito, kisha apande gari aende zake. Wako waliofanya hivyo, tena wengi, katika nchi nyingi za Afrika, na maandishi yao yalikaa kwenye maktaba miaka mingi yakituita majina. Harkness na Super walikuwa na bahati ya kuwa wameishi jirani na watoto hao. Walikuwa wamewasikia wakipiga kelele malishoni. Walijua kwamba watoto wale hawakuwa mabubu.

Tutazame basi jambo hilo kwa macho ya mtoto. Katika Kokwet ya wakati ule, mtoto wa miaka saba hakuwa mtu wa kutoa maelezo marefu mbele ya wakubwa. Alikuwa mtu wa kusikia na kuelewa. Mama alipomsemesha, mara nyingi ilikuwa amri au swali fupi: lete, mfunike mtoto, ndama wako wapi, umeshafunga lango? Na jibu lililotakiwa halikuwa la mdomo. Ukiambiwa ulete kuni, hujibu kwa sentensi. Unajibu kwa kuni. Mbele ya mkubwa, hasa usiyemzoea, mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho na kungoja. Kusimama mbele yake na kumwaga maneno kungekuwa ujuvi, na ujuvi nyumbani una malipo yake.

Tena, lile swali lenyewe lilikuwa la ajabu. Mtu amekusimulia jambo sasa hivi, kwa kinywa chake mwenyewe, kisha anakugeukia na kukuuliza, “Haya, niambie, ilikuwaje?” Amesahau? Anakutega? Nyumbani watu huuliza wasichokijua. Mtu anayeuliza anachokijua ni mwalimu peke yake, na nyinyi mmeshamzoea, ndiyo maana mnaona ni kawaida. Siku ya kwanza shuleni haikuwa kawaida kwenu pia, mmesahau tu.

Na kumbukumbu? Mtoto wa huko anatumwa. Nenda kwa mama fulani, mwambie karani amesema gari la majani chai litachelewa, kwa hiyo wasichume mengi asubuhi. Mwombe ule ungo wetu. Ukirudi pitia kwa ami yako umwulize kama yule ng'ombe ameshazaa. Mtoto anakwenda, anarudi na ungo, na habari ya ng'ombe imefika nzima. Anayebeba ujumbe wa sehemu tatu kupanda na kushuka vilima vya Konoin, mvua ya alasiri ikimkimbiza, hana shida ya kukumbuka hadithi ya dakika mbili.

Mwaka 1977 Harkness na Super walichapisha makala ambayo kichwa chake kilisema ni kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima. Ndani yake walieleza hayo: kipimo kilichodhaniwa kuwa cha lugha na kumbukumbu kilikuwa pia kipimo cha mazoea ya kuzungumza na mtu mzima. Watoto wa Kokwet walikuwa wamefunzwa kwa bidii kuelewa maneno. Kuyatoa mbele ya mkubwa hakukuwa sehemu ya mafunzo hayo.

Super alikuwa na uchunguzi mwingine, wa watoto wachanga, na nauingiza hapa kwa sababu ndio ufunguo wa mengine yote. Katika miaka ya 1950, Marcelle Geber, mtafiti wa Kifaransa, aliwapima watoto wachanga wa Kampala akaandika kwamba wanawatangulia wa Ulaya kwa maendeleo ya mwili. Habari hiyo ilienea, na watu wakaanza kunong'ona mambo ya damu na rangi. Super, alipofika Kokwet, akafanya jambo ambalo lingefaa kufanywa mapema: akawauliza akina mama. Wengi wakamweleza kwamba wao huwafundisha watoto kuketi. Unachimba kashimo kadogo ardhini, unamketisha mtoto humo, unamkingia mgongo kwa blanketi asianguke. Baadaye unamshika, unamtembeza. Super akapima, akakuta watoto wa Kokwet wanaketi na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Kutambaa hakuna aliyehangaika kukufundisha. Sasa, kama ingekuwa damu, hiyo damu ingesahau vipi kutambaa? Makala hayo yalitoka 1976, na tangu hapo ukisikia mtu anasema watoto wa kabila fulani huzaliwa hodari wa jambo fulani, muulize kwanza ni nani anayewachimbia shimo.

Rudi sasa kwa mtoto wetu aliyenyamaza. Nani alimfundisha kusema, kama mama hakuwa na mazoea ya kukaa naye wakipiga soga? Akina mama wa Kokwet walijibu swali hilo bila kusitasita: watoto wenzake. Mtoto alikuwa mgongoni mwa dada, kisha miguuni pa dada, kisha nyuma ya kaka akifukuza ndama, na huko ndiko maneno yalikokuwa. Ng'ambo ya pili, kwa jirani zetu Wakisii, Robert LeVine na wenzake waliochunguza akina mama na watoto wachanga kati ya 1974 na 1976 walikuta jambo la aina hiyo. Mama wa Kisii alikuwa mwepesi kumbeba na kumtuliza mtoto anayelia kuliko mama wa Boston, ila alimsemesha kidogo zaidi. Kila mmoja wao alifanya alichoamini mtoto anahitaji. Wa Boston aliona mtoto ni mtu wa kuzungumza naye tangu siku ya kwanza. Wa Kisii aliona ni mtu wa kulindwa kwanza awe salama, na mazungumzo yatakuja na watoto wenzake.

Harkness na Super waliwauliza wazazi pia jambo ambalo ningependa kila mwalimu aulize: mtoto mwenye akili ni yupi? Kwa Kikipsigis mtoto huyo huitwa ng'om. Na maelezo ya wazazi hayakuanza na maneno wala kalamu. Mtoto ng'om ni yule anayemaliza kula akafagia, kwa kuwa ameona pana haja ya kufagia. Anaosha vyombo, anatafuta mboga, mdogo wake hamwachi akilia. Hakutumwa; aliona. Kisha wazazi wakaongeza kwamba kuna ng'om wa nyumbani na kuna ng'om wa shuleni, na si lazima wawe mtoto mmoja. Bila shaka mnawajua wa aina zote mbili. Yupo anayeshika namba moja darasani ambaye akiachiwa mtoto na sufuria ya maziwa, maziwa yanafurika na mtoto yuko kwa jirani.

Mimi nakipenda kipimo hicho cha nyumbani. Kuona kazi kabla ya kutumwa ni kufikiri: unapaswa kujua hali ilivyo, hali inavyotakiwa kuwa, na hatua za kutoka hapa kufika pale. Hayo yote yanatokea kichwani kimya kimya. Wataalamu wengi walichelewa sana kukubali kwamba ni akili.

Lakini msikimbie na maneno yangu mkamwambie mwalimu kwamba kuzungumza hakuna maana. Ukiingia darasani, mambo yanageuka, na hapa sitawabembeleza.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa hesabu fupi kuhusu kusoma. Walisema kusoma ni uwezo wa kutambua maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha. Angalieni alama: ni kuzidisha, si kujumlisha. Ukiwa na kumi upande mmoja na sufuri upande wa pili, jibu ni sufuri. Sisi wa Kiswahili hesabu hii inatupata mahali penye mtego. Herufi zetu ni aminifu. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto wa gredi ya pili akishajua silabi, anaweza kukusomea kwa sauti karibu chochote. Mpe sentensi hii: Kipanga alimnyakua kifaranga uani. Ataisoma, mwalimu atafurahi, darasa litapiga makofi. Sasa muulize: ni nani aliyebaki akilia? Kama hajui kipanga ni ndege gani, na kunyakua ni kufanya nini, hawezi kukwambia kwamba kuku ndiye aliyepoteza mtoto, maana kuku hatajwi popote katika sentensi ile. Kuku yumo katika maana. Mtoto huyu anasoma na hasomi.

Ndiyo maana wanaochunguza ujifunzaji wanarudi tena na tena kwenye msamiati. Mwenye kujua maneno tisa kati ya kumi katika sentensi hulikisia la kumi, akalibeba akaenda nalo. Mwenye kujua matano hakisii lolote, na anaondoka na matano yale yale aliyokuja nayo. Kesho pengo ni pana zaidi. Mwaka huo huo wa 1986, Keith Stanovich aliandika juu ya hali hiyo katika kusoma, akaazima jina lake kutoka Injili ya Mathayo, pale panapozungumzwa habari ya mwenye nacho kuongezewa.

Basi maneno hayo hutoka wapi? Twendeni Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nako ni nchi ya chai. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifuatilia familia za huko kwa muda mrefu. Mmoja wao, Marian Sigman, pamoja na wenzake, aliwatazama watoto wadogo wakiwa nyumbani: nani anasemeshwa mara nyingi, nani akibwabwaja anajibiwa, nani ana mtu wa kushughulika naye kwa muda bila kukatizwa. Walipofikisha miezi thelathini, waliosemeshwa na kujibiwa ndio waliofanya vizuri zaidi katika vipimo vya makuzi. Kwa hiyo kusikia maneno yaliyoelekezwa kwako, si yanayopita juu ya kichwa chako tu, kunafanya kazi hata katika kijiji cha Kenya. Hapo nina neno na baadhi yenu: mkiachiwa mdogo wenu mumlee, semeni naye. Akisema “bu,” mjibuni.

Embu hiyo hiyo ilileta kisa kingine, ambacho mimi hukisimulia kila ninapopata nafasi. Mwaka 1998 watafiti hao, wakiwemo Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo wa Nairobi, walichukua shule kumi na mbili za msingi. Watoto wa baadhi ya shule walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na glasi ya maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula cha utafiti. Kisha wakapimwa kwa muda. Kipimo kimoja kilikuwa cha Raven: unaona picha ya michoro yenye kipande kilichokosekana, unachagua kipande kinachofaa, bila neno hata moja. Kipimo kingine kilikuwa cha maana za maneno. Waliokula nyama walipanda kuliko wenzao katika kile cha michoro. Katika kile cha maneno, chakula hakikuleta tofauti. Matokeo yalichapishwa 2003, nami sina kicheko kwa anayesema mtoto asome kwanza ndipo ale; mwili wenye njaa haufikiri vizuri. Ila nyama ilifika mahali ikasimama. Maneno yalihitaji mtu wa kuyasema.

Watafiti hao hao walilinganisha watoto wa miaka saba wa Embu waliopimwa 1984 na wale waliopimwa 1998. Miaka kumi na minne tu, milima ile ile, koo zile zile. Alama za michoro zilikuwa zimepanda sana, na za maana za maneno zimepanda pia, ingawa kidogo. Wazazi wengi zaidi walijua kusoma, watoto walikula vizuri zaidi, na familia zilikuwa zimebadilika. Si damu iliyobadilika; mnakumbuka lile shimo la kuketia.

Kabla sijawarudisha Kericho, kuna kituo kimoja kando ya Ziwa Victoria, Usenge. Huko Robert Sternberg wa Marekani na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto wa Kijaluo wa miaka 12 hadi 15. Waliwapa vipimo vya msamiati wa Kiingereza na wa Dholuo, na kipimo cha tatu ambacho hakuna mtihani wa taifa ulio nacho: kujua dawa za mitishamba, ipi ni ya ugonjwa gani, itumike vipi. Ungetarajia mwenye akili apate juu kotekote. Haikuwa hivyo. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata chini katika msamiati, na waliopata juu katika msamiati walielekea kujua dawa kidogo. Maelezo ya watafiti, yaliyochapishwa 2001, ni kwamba muda wa mtoto ni mmoja. Familia inayoona shule haitamfikisha mbali mtoto wao humfunza ya nyumbani. Inayotumaini shule humwacha kwenye vitabu. Nikiwasoma wale akina mama wa Kokwet waliotenganisha ng'om wa nyumbani na wa shuleni, naona walikuwa wamekwisha kusema jambo hili karibu miaka thelathini kabla, bila kompyuta.

Na sasa nyumbani. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na tangu hapo yamewaleta wafanyakazi kutoka kila upande. Katika nyumba zao, mlango mmoja unasikia Kikipsigis, wa pili Ekegusii, wa tatu Kiluhya, wa nne Dholuo, na uani watoto wote wanagombania mpira kwa Kiswahili. Mtoto wa huko anapoingia gredi ya kwanza amebeba lugha mbili au tatu. Sera ya elimu inasema madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lile, au Kiswahili palipo na mchanganyiko, kisha kuanzia gredi ya nne Kiingereza kishike usukani. Kwenye karatasi ni safi. Darasani, nimeona mara nyingi Kiingereza kikiingia kabla ya wakati wake, na watoto waliokuwa wakibishana kwa makelele uwanjani wakawa kimya mara tu wanapoketi. Kimya hiki cha pili si cha adabu peke yake. Ni hofu ya kuchekwa. Waulizeni wazee wenu habari ya diski, kile kibao alichovishwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama, naye akaenda akimtafuta mwingine wa kumpokeza. Lugha ikishakuwa kosa, mtoto mwerevu hujifunza haraka kwamba salama ni kufunga mdomo.

Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Kenya, alikuwa pia msomi wa isimu, na mwaka 1979 alichapisha kitabu kizima kuhusu isimu ya Kikalenjin. Yeye hakuona haya kuketi na lugha ya nyumbani kwao na kuichambua kwa makini ya mwanasayansi. Maneno mliyoyapata kwa kogo ni mtaji. Ukijua kwa Kikipsigis ni nini kinachotofautisha mvua ya kupanda na mvua ya mawe inayochana majani chai, kazi iliyobaki kwa Kiswahili na Kiingereza ni kupata majina. Fikra unayo tayari.

Mnataka kujua kama Harkness na Super walisema kweli? Msiniamini mimi, pimeni. Tafuteni watoto sita au wanane wa miaka sita hivi, wadogo zenu na wa majirani, na muwaombe wazazi ruhusa kwanza. Tungeni hadithi mbili fupi zenye urefu sawa, kila moja iwe na matukio kumi mnayoweza kuyahesabu. Hadithi moja isimuliwe na mtu mzima ambaye mtoto hamzoei, kisha huyo huyo amwombe mtoto airudie. Ya pili isimuliwe na mmoja wenu, kisha mwambieni mtoto: kogo alikuwa nje hakuisikia, hebu kamsimulie. Kwa nusu ya watoto anzeni na mtu mzima, kwa nusu anzeni nanyi wenyewe, la sivyo hamtajua kama mtoto alifunguka kwa sababu ya kogo au kwa sababu alikuwa ameshazoea mchezo. Badilishaneni hadithi pia, isije moja ikawa tamu kuliko nyingine. Msihesabu maneno, hesabuni matukio. Mtoto akisema kwa Kikipsigis, au akachanganya lugha tatu, tukio ni tukio.

Chora jedwali daftarini: mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila majina yao, kama walivyofanya wale wa Kokwet. Safu moja ya mtu mzima, safu moja ya kogo. Safu ya “mwerevu” na “mjinga” usiiweke. Ukimaliza, mpelekee mwalimu wa sayansi. Atakuuliza kwa nini ulibadilisha mpangilio wa hadithi, na hapo itakubidi umweleze, kwa sentensi nzima, ukimtazama usoni.